Mwili Mombasa, mteja Uingereza, maombi Kanada: uchambuzi wa kisa kimoja

Barua ya kuthibitisha kazi ya mdogo wangu, aliyoihitaji kwa maombi yake ya uhamiaji Kanada, ilikuwa na sentensi tano. Mwenye kampuni aliiandika kwa moyo safi, kutoka mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza, akaituma usiku uleule alioombwa. Ilisema kwamba mdogo wangu ni mwajiriwa wao, kwamba amefanya kazi kwa muda kamili tangu Machi 2021, kwamba ni mwaminifu, ana bidii, na kwamba wangesikitika kumpoteza. Mdogo wangu alinitumia picha ya barua hiyo kwa WhatsApp, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo: "Dada, si hii inatosha?"

Niliisoma mara mbili. Nikamwambia kwamba sentensi mbili kati ya hizo tano si za kweli, na hizo mbili ndizo afisa wa uhamiaji atakazozisoma kwanza.

Naandika kisa hiki kwa ruhusa yake, kwa sababu najua vijana wengi wa Mombasa, Nairobi, Kampala na Dar wanaofanya kazi kama yake: wamekaa kwenye meza ya jikoni na laputopu, wanahudumia kampuni ambayo hawajawahi kukanyaga mlangoni kwake, wanalipwa kwa pauni au dola, na siku wanapotaka kuomba ukaazi wa kudumu Kanada wanagundua kwamba kazi yao ya miaka mitatu haina hati hata moja inayofanana na zile zinazoombwa. Mimi si wakala mwenye leseni. Ninaishi Hamilton, Ontario, na nilimsaidia ndugu yangu bila malipo, jambo ambalo sheria ya Kanada inaliruhusu. Kutoza pesa bila leseni ndiko kunakokatazwa.

Kazi yake ni kutunza vitabu vya hesabu. Kampuni ile ni ndogo, inashughulikia hesabu za maduka, mafundi na migahawa, na yeye alianza nayo tarehe 1 Machi 2021 kwa saa 15 kwa wiki. Septemba mwaka huohuo wakamwongezea, akawa anafanya kati ya saa 32 na 36. Mkataba wake wa kurasa tatu unasema wazi kwamba yeye ni mtoa huduma anayejitegemea, analipwa kwa saa baada ya kupeleka ankara, anatumia vifaa vyake, analipa kodi yake mwenyewe, na yuko huru kuhudumia wateja wengine. Hakuna likizo ya malipo, hakuna bima, hakuna hati ya mshahara. Kwa lugha ya ofisi, huyu hakuajiriwa. Amejiajiri, na kampuni ile ni mteja wake.

Lakini yeye hakuwahi kujiona hivyo, na simlaumu. Asubuhi anaingia kwenye kikao cha video, ana bosi anayemwita kwa jina, ana anwani ya baruapepe ya kampuni. Mama akiulizwa na majirani pale Kisauni husema binti yake "ameajiriwa na Wazungu". Hata mwenye kampuni, alipoandika "mwajiriwa", hakuwa anadanganya kwa kusudi. Alitumia neno la heshima. Tatizo ni kwamba neno hilo lingekaa kwenye faili moja na mkataba unaosema kinyume chake, na afisa anayesoma faili hamjui huyu wala yule. Anajua karatasi tu.

Kabla hajanijia mimi, alikuwa ameshaongea na wakala mmoja wa Nairobi. Huyo alimwambia asihangaike: wataandika "mwajiriwa", na hati za mshahara zinazokosekana "zitatengenezwa". Nilipolisikia neno hilo nilimpigia mdogo wangu simu papo hapo, na saa kumi alfajiri ilikuwa haijafika kwake. Kifungu cha 40 cha sheria ya uhamiaji ya Kanada kinahusu kusema uwongo au kuficha jambo la maana kwenye maombi, na adhabu yake ni kufungiwa mlango wa Kanada kwa miaka 5. Hati moja ya mshahara ya kughushi ingegeuza kazi halali ya miaka mitatu kuwa kosa. Na msiba wenyewe ni kwamba haikuhitajika. Njia aliyokuwa akiipitia, ile ya wataalamu wa shirikisho ndani ya mfumo wa Express Entry (mwombaji huweka wasifu, hupewa pointi, na wenye pointi za kutosha hualikwa kuomba ukaazi), inakubali kazi ya kujiajiri iliyofanywa nje ya Kanada. Hakukuwa na sababu yoyote ya kuificha.

Hapa niseme jambo linalochanganya watu wengi. Ziko njia mbili zinazotazama kujiajiri kwa macho tofauti. Ile ya wenye uzoefu wa Kanada haikubali kazi ya kujiajiri, na inadai mwaka mmoja wa kazi iliyofanywa ukiwa Kanada kwa kibali. Ukifanya kazi kwa mtandao huku umekaa Kanada, itahesabiwa tu kama mwajiri wako ni wa Kanada. Ile ya wataalamu wa shirikisho inakubali kazi ya nje, ya kuajiriwa au ya kujiajiri, mradi iwe ya ngazi inayotakiwa, uwe na angalau mwaka mmoja mfululizo ndani ya miaka 10 iliyopita, na ufikishe pointi 67 kati ya 100. Mtu akisoma masharti ya njia ya kwanza akadhani ndiyo ya njia zote, atakata tamaa au atadanganya, na yote mawili bure.

Basi tukaketi kuhesabu. Kanada inahesabu mwaka wa kazi kuwa saa 1,560, yaani saa 30 kwa wiki kwa wiki 52. Ukizidisha saa kwa wiki, ziada haikusogezi mbele. Ukifanya pungufu, unachukua muda mrefu zaidi kufika. Ile miezi sita ya mwanzo, Machi hadi Agosti 2021, ilikuwa wiki 26 za saa 15, jumla saa 390. Hiyo ni robo ya mwaka kamili. Kwa hiyo miezi sita ya kalenda ilimpa miezi mitatu ya hesabu. Sentensi ya barua iliyosema "muda kamili tangu Machi 2021" ilikuwa inampa miezi mitatu isiyo yake. Kuanzia Septemba 2021 mambo yalinyooka, ila Desemba kila mwaka ofisi ile hufunga wiki mbili, na mtu anayejitegemea asipofanya kazi halipwi. Ankara ya Desemba 2022 ina saa 84 tu. Tuliamua kutozihesabu wiki hizo za sikukuu hata kidogo, ili hesabu yetu iwe ya chini kuliko ile ambayo afisa angeipata akihesabu mwenyewe.

Halafu ukaja mlima mkubwa zaidi, na huo niliusababisha mimi.

Januari 2024 nilijifungua. Mdogo wangu alikuja na viza ya kutembea, akaingia tarehe 14 Januari na kutoka tarehe 15 Juni. Miezi mitano. Alinipikia, alimbeba mtoto usiku nikilala, na asubuhi, kabla sijaamka, alikuwa ameshafungua laputopu kwenye meza ya chumba changu cha kulia, kwa sababu Uingereza inatangulia saa tano na wateja wao walikuwa wameshaamka. Kufanya hivyo hakukuwa kosa. Kanada inamruhusu mgeni kuendelea na kazi yake ya mtandao kwa mwajiri au mteja wa nje wakati wa matembezi ya hadi miezi 6, bila kibali cha kazi. Swali lilikuwa lingine: je, miezi hiyo mitano ni ya wapi?

Alipofungua wasifu wake Julai 2024 aliandika kazi moja, mstari mmoja, nchi Kenya, Machi 2021 hadi leo. Mfumo ukamhesabia zaidi ya miaka mitatu ya uzoefu wa nje. Na miaka mitatu ina uzito wake: kwa kiwango chake cha Kiingereza, mwenye mwaka mmoja au miwili anapata pointi 25 za kuunganisha lugha na uzoefu, na mwenye mitatu anapata 50. (Hizi ni pointi za kuwapanga waombaji, si zile 67 za kustahili.)

Lakini uzoefu wa nje, kwenye mfumo wa pointi, ni ule uliofanyiwa nje ya Kanada. Miezi ile mitano mwili wake ulikuwa Hamilton. Wala si uzoefu wa Kanada, kwa sababu alikuwa mgeni, alikuwa amejiajiri, na mteja wake hakuwa wa Kanada. Ilikuwa kazi halisi, ya jasho, iliyolipwa na kuandikiwa ankara, ambayo haina pa kukaa kwenye pointi. Nilipomweleza alinyamaza kwa muda mrefu. "Kwa hiyo ni kama sikufanya chochote?" Nilijisikia vibaya sana, maana alikuja kwa ajili yangu.

Tulipiga hesabu upya. Miezi mitatu ya mwanzo, na miezi 28 na nusu kuanzia Septemba 2021 hadi alipopanda ndege. Jumla miezi 31 na nusu. Pamoja na miezi ya Kanada ingekuwa 36 na nusu, kidogo tu juu ya mstari. Bila hiyo, alipungukiwa na miezi minne na nusu, na wiki za Desemba juu yake. Tukaivunja ile kazi vipande: Kenya hadi Januari 2024, kisha Kenya tena kuanzia katikati ya Juni. Miezi ya katikati tukaiandika kwenye historia yake binafsi ya miaka 10, ambayo hairuhusu pengo hata la mwezi mmoja: mji Hamilton, nchi Kanada, kazi ileile, hadhi mgeni. Kuiacha wazi au kuiandika "likizo" kungekuwa ni kuficha, kwa sababu ankara zake zinaonyesha alilipwa Februari, Machi na Aprili. Akapoteza zile pointi 25 kwa muda. Hadi mwanzo wa 2025 saa zilikuwa zimejijaza zenyewe, akiwa kwenye meza yake ya Kisauni.

Ningependa kila anayefanya kazi ya mtandao aielewe hoja hii, kwa sababu kosa hili hufanywa kwa nia njema. Fomu ikiuliza nchi ya kazi, watu huandika nchi ya kampuni. Mdogo wangu naye nusura aandike Uingereza, kwa kuwa huko ndiko pesa zilikotoka. Hajawahi kufika Uingereza. Kazi inahesabiwa mahali mikono ilipokuwa. Anwani ya kampuni ina sehemu yake, na mji uliokaa wewe una sehemu yake.

Turudi kwenye barua. Kwa mtu aliyeajiriwa, Kanada inataka barua kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, yenye anwani, simu na baruapepe, jina, cheo na sahihi ya msimamizi, vyeo vyote alivyoshika, tarehe, majukumu, saa kwa wiki, mshahara na marupurupu. Kwa aliyejiajiri wanataka kitu kingine: ushahidi kwamba shughuli ni yake, ushahidi wa mapato, na barua za watu wengine, yaani wateja, zinazoeleza huduma waliyopewa na malipo yake. Maelezo ya mwombaji mwenyewe kuhusu majukumu yake, hata akiyaapia mbele ya wakili, hayakubaliki kuwa ushahidi. Tuliamua kumwomba mteja barua yenye yote: umbo la barua ya kazi, ukweli wa barua ya mteja. Barua mpya ilisema "anatupatia huduma za utunzaji wa hesabu kama mtoa huduma anayejitegemea, akiwa Mombasa, Kenya", ikataja saa 15 hadi Agosti 2021 na saa 32 hadi 36 baadaye, ikataja pauni 9 kwa saa, ikataja na tarehe alizokuwa Kanada. Mwenye kampuni alifurahi kuibadilisha. Alipotafakari aliona kwamba neno "mwajiriwa" lingeweza kumletea maswali hata yeye kwao.

Sehemu ya majukumu ndiyo iliyotuchukua jioni nyingi. Kwenye baruapepe za kampuni alikuwa akiitwa msaidizi wa hesabu. Cheo hicho kinanuka ukarani, na makarani wa hesabu, NOC 14200 (NOC ni orodha ya Kanada inayopanga kazi kwa misimbo na ngazi), wako ngazi ya 4, ambayo haihesabiwi kabisa kwenye njia hii. Watunza vitabu na mafundi wa hesabu ni NOC 12200, ngazi ya 2, na hao wanahesabiwa. Tofauti haiko kwenye jina. Sheria inasema uwe umefanya kazi zilizotajwa kwenye maelezo ya msingi ya msimbo huo na sehemu kubwa ya majukumu yake makuu. Karani anaingiza takwimu. Mtunza vitabu anashika kitabu kizima, anakifunga, na anajibu kikiwa hakikai sawa.

Wakala yule alikuwa amemtumia orodha ya majukumu iliyonakiliwa neno kwa neno kutoka kwenye tovuti ya serikali. Nikamwomba aiweke kando, anieleze wiki yake. "Jumatatu nalinganisha benki za wateja wanne na vitabu vyao. Kuna mwenye mgahawa ambaye hachapishi risiti, huyo hunimalizia asubuhi nzima." Nikaandika. Jumanne madeni na wadai. Tarehe 25 orodha za mishahara za wateja watatu, wafanyakazi 19 kwa jumla. Mwisho wa mwezi anafunga leja na kutoa urari. Kila miezi mitatu anatayarisha takwimu za VAT za wateja sita, mwenye kampuni anapitia na kuzituma. Hiyo ndiyo orodha aliyotia sahihi mteja. Inafanana na msimbo kwa sababu kazi inafanana nao, na ina mgahawa ndani yake.

Sasa pesa. Nachukua ankara moja kama ilivyokuwa: namba 20, Oktoba 2022. Saa 142, pauni 9 kwa saa, jumla pauni 1,278. Taarifa ya akaunti yake ya pauni, benki ya Mombasa, inaonyesha pauni 1,263 ziliingia tarehe 4 Novemba. Pauni 15 ziliondoka njiani kwa ada za uhamisho. Kwa anayeijua biashara hii hilo si kitu. Kwa afisa anayelinganisha karatasi mbili usiku, ni namba mbili zisizolingana, na zimerudiwa mwezi baada ya mwezi. Tukatengeneza jedwali la ukurasa mmoja na nusu: namba ya ankara, saa, kiasi kilichodaiwa, kiasi kilichoingia, tarehe, ada. Kila mstari ukipigwa mstari wa rangi kwenye taarifa ya benki. Yeye ndiye mtunza vitabu, na hapo nilimwachia usukani. Alilifanya kwa jioni moja, na nilipoliona nilielewa kwa nini kampuni ile haitaki kumpoteza. Jedwali la saa lililotoka kwenye programu ya kazi likawekwa nyuma yake.

Ushahidi kwamba shughuli ni yake ulitupa wasiwasi. Hakuwa amesajili jina la biashara. Alitaka kulisajili wiki ileile kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, nikamwomba asifanye hivyo kwa ajili ya maombi, kwa sababu cheti kingebeba tarehe ya 2025 na kisingethibitisha lolote la 2021. Mkataba, PIN ya KRA (mamlaka ya kodi ya Kenya) na ritani za kodi zilikuwa bora zaidi.

Lakini ritani zenyewe! Kwa 2021, 2022 na 2023 alikuwa amejaza sifuri. Pale saiba, duka la intaneti, alipokwenda kujaziwa aliambiwa kwamba pesa za nje hazina kodi Kenya, muhimu aepuke faini ya shilingi 2,000 ya kuchelewa. Alikubali, kama wanavyokubali maelfu. Si kweli: kazi aliyoifanya akiwa Kenya inatozwa kodi Kenya, popote mteja alipo. Na kwenye faili la uhamiaji, ritani ya sifuri ni karatasi ya serikali yako inayosema hukuwa na kazi yoyote.

Mwaliko ulikuwa umeshafika, Machi 2025, katika duru ya mialiko ya wanaojua Kifaransa. (Alisoma lugha hiyo tangu sekondari, na matokeo ya mtihani wake yalitoka Februari.) Siku 60 za kuwasilisha maombi zilikuwa zinakatika. Bahati ikawa upande wake: Kenya ilikuwa imefungua upya msamaha wa kodi kuanzia mwisho wa Desemba 2024 hadi tarehe 30 Juni 2025, kwa madeni ya hadi mwisho wa 2023. Ukilipa kodi yenyewe, riba na adhabu zinafutwa. Aprili akarekebisha ritani zote tatu kwenye iTax, mfumo wa mtandaoni wa KRA, akalipa, na ya 2024 akaijaza kwa ukweli kabla ya muda. Iliuma. Pesa hizo zilitoka kwenye akiba iliyokusudiwa kuonyesha kwamba anaweza kujikimu akifika, na kwa mtu mmoja Kanada ilitaka dola zake 14,690, pamoja na barua ya benki inayoonyesha wastani wa miezi sita. Tulikaa na kikokotoo mara tatu. Alibaki juu ya mstari, lakini si kwa mbali.

Marekebisho ya Aprili 2025 yanaonekana. Tarehe iko pale juu ya karatasi, na afisa yeyote angejiuliza kwa nini mtu alirekebisha kodi ya miaka mitatu wiki chache baada ya mwaliko. Kwa hiyo barua ya maelezo ilianza na hilo. Aliandika kwamba alijaza sifuri kwa kushauriwa vibaya, kwamba alipotayarisha maombi alitambua kosa, kwamba amerekebisha na kulipa chini ya msamaha wa kisheria, na kwamba mapato yaliyorekebishwa yanalingana na ankara na benki. Aya moja. Alitaka kuomba radhi kwa kurasa mbili, nikamzuia. Afisa hahitaji machozi. Anahitaji kujua afungue kiambatisho gani.

Kuna mteja wa pili ambaye ningependa kumtaja kwa shukrani. Mzee mmoja mwenye duka la jumla karibu na soko la Kongowea, ambaye mdogo wangu humtunzia vitabu saa chache kwa wiki na kulipwa kwa M-Pesa. Saa hizo hatukuzihesabu. Lakini mtu aliyejiajiri mwenye mteja mmoja tu huonekana kama mwajiriwa aliyejificha, na barua ya mzee ilionyesha kwamba kweli ana wateja. Aliiandika kwa Kiswahili, kwa mkono, ikapigwa mhuri wa duka: "Binti huyu ananiandikia hesabu zangu tangu mwaka 2022, na tangu aanze sijagombana na KRA." Nilitaka kuitafsiri mwenyewe usiku huohuo. Hairuhusiwi: tafsiri haifanywi na mwombaji wala ndugu yake. Alikwenda kwa mtafsiri mjini, na kiapo chake kikaambatanishwa. Taarifa ya M-Pesa aliyoipata kwa *334# nayo ilikuja imefungwa kwa namba ya siri. Angeipandisha vile ilivyo, afisa angeona faili lisilofunguka. Aliichapisha na kuiskani upya.

Maombi yalikwenda katikati ya Mei. Agosti likaja swali: aeleze uhusiano wake na kampuni ya Uingereza, na aongeze ushahidi wa malipo. Nilipoisoma mikono yangu ilikuwa inatetemeka, yeye akawa ndiye wa kunituliza. "Dada, kila kitu wanachouliza tunacho." Alituma mkataba tena, akiwa amewekea alama vifungu vinne: vifaa ni vyake, kodi ni yake, wateja wengine wanaruhusiwa, malipo ni kwa ankara. Akatuma taarifa kamili za benki za miezi iliyorukwa kwenye jedwali la kwanza, na barua ya nusu ukurasa. Hakubadilisha neno hata moja la yale aliyoyasema Mei, na hakuhitaji kujikumbusha alisema nini.

Uamuzi ulitoka mwisho wa Oktoba. Alifika Hamilton Desemba, kwenye baridi ambayo hakuikuta Juni alipoondoka, na mtoto ambaye alimbeba akiwa wa siku chache akamkimbilia mlangoni kwa miguu yake. Siku ya pili alifungua laputopu kwenye meza ileile. Ankara namba 58 ndiyo ya kwanza yenye anwani ya hapa juu yake, na kabla hajaituma aliniuliza kodi yake sasa inakwenda wapi. Tumeshapanga kukaa Jumamosi na karatasi za CRA, mamlaka ya kodi ya Kanada.